Kuku wa Bwana Taya

Yaya Salumu, kama tunavyomwita kwa heshima mtu anayetuzidi umri, alirudi Kindu mwezi uliopita, juu ya pikipiki kutoka Kisangani, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na badala ya kunisalimia kama mtu aliyepotea zaidi ya miaka ishirini, alisimama mlangoni mwa studio yangu akatega sikio. Naiita studio ingawa ni chumba cha kulala cha zamani: magodoro yamesimamishwa ukutani ili yanywe mwangwi, pazia zito dirishani, maikrofoni moja niliyoifunga kwenye mpini wa ufagio, na televisheni. Kituo kimoja cha hapa mjini hutuletea katuni za mashujaa, wale waliozaliwa kwenye vitabu vya picha vya zamani kisha wakaingizwa kwenye televisheni wakaanza kuruka na kupigana. Mimi na wasichana wangu wawili tunawatia Kiswahili chetu cha Maniema, ili watoto wasikae wakitazama midomo tu. Siku ile mwanamke mwenye mabawa ya bati alikuwa anamkimbiza mwizi juu ya mapaa ya mji. Yaya alingoja mpaka tulipokata, ndipo akasema, "Mwajuma, ule mwizi unamupa pumzi mingi. Muntu anakimbia vile, pumzi anaitosha wapi?" Nikamwambia, "Yaya, salamu kwanza, masomo nyuma." Tukakumbatiana. Alinukia barabara na petroli, nami nikalia kidogo, wala sioni haya kusema.

Huyu Salumu ndiye aliyenifundisha kazi hii, na alinifundisha katika mwaka mmoja tu, mwaka wa katikati ya vita ya pili ya Kongo, nilipokuwa na miaka kumi na minane. Kila mtu wa umri wangu hapa Kindu ana namna yake ya kuusimulia mwaka ule na habari ya kuku wa Bwana Taya. Nimesikia sokoni kwamba Salumu alitoroka kwa kuogelea mto Lualaba. Nimesikia kwamba tulitumia dawa. Fundi mmoja wa baiskeli aliniapia usoni kwamba ni yeye aliyesimama pale akasema maneno yale, na alikuwa ameupamba uongo wake mpaka ukapendeza, nikamwachia. Lakini mimi nilikuwepo, na zaidi ya kuwepo, maneno yenyewe yalitoka kinywani mwangu, kwa hiyo acheni nisimulie mimi.

Mwaka ule nilikaa kwa shangazi yangu, Bi Sauda, karibu na msikiti. Treni ilikuwa haifiki tena na nyasi zilikuwa zimeota katikati ya reli. Chumvi, sabuni na petroli vilikuja kwa ndege, au kwa baiskeli zilizosukumwa kutoka Kampene na Pangi, na kila kilichofika kilikuwa kimekwisha kupunguzwa njiani na wenye bunduki. Nyuma ya nyumba ya shangazi palikuwa na uwanja mdogo wa kupikia, na mwisho wa uwanja ukuta wa mbao uliotutenganisha na sinema ya Papa Kalonda. Sinema ni neno kubwa. Yalikuwa mabati juu, mabenchi chini, na televisheni moja juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Papa Kalonda alikuwa mpishi wa mapadri. Walipoondoka vita ilipokaribia, walimwachia televisheni, mashine ya kaseti, jenereta ndogo, na sanduku la katuni ambazo padri mmoja Mwitaliano alikuwa akiwaonyesha watoto wa katekesi. Kiingilio kilikuwa kopo la mchele, au yai, au kipande cha sabuni, chochote ambacho Papa Kalonda angeweza kubadilisha kwa petroli. Jumamosi baada ya sala ya alasiri mtaa mzima ulihamia pale, Waislamu na Wakristo wamebanana benchi moja, maana katuni haikumuuliza mtu amesali wapi.

Tabu moja ilikuwa kwamba kaseti zote zilisema Kiitaliano, na Kindu nzima hapakubaki mtu anayekijua. Hilo halikumsumbua mtu. Kwenye sinema zetu palikuwa na desturi ya mfasiri: mtu anasimama kando ya televisheni, sauti ya mashine inapunguzwa mpaka inakuwa mnong'ono, na yeye anasema maneno ya wote, mzee na mtoto, mbwa na radi. Mfasiri wetu alikuwa Salumu, ambaye siku nyingine zote alikuwa fundi cherehani. Kiitaliano hakukijua hata neno moja. Alifasiri nyuso. Aliangalia mtu akikunja kipaji, akatafuta ni jambo gani hapa Kindu lingeweza kumkunja mtu kipaji namna ile, akalisema. Na watu hawakuridhika na shujaa asiye na kwao. Walipomwona kijana mtengeneza saa akivaa kitambaa kichwani na kuruka juu ya magorofa, swali la kwanza halikuwa anarukaje. Swali lilikuwa, "Mujomba wake njo nani?" Basi Salumu akamwita Musafiri, kwa sababu kila akiitwa kula alikuwa anaondoka, akamfanya Mulega, mtu wa kabila la upande wa Pangi, akampa mjomba aliyekufa vibaya, na lile joho lililopepea mgongoni mwake akalieleza kuwa kikwembe, yaani kitenge, cha marehemu mama yake. Watu wakasema ah, sasa tumeelewa.

Mimi mwanzoni sikuona hata picha moja. Jumamosi ilikuwa siku ya vitumbua: mchele umelowekwa tangu jana, umetwangwa, umeumuka, na mimi nimechuchumaa mbele ya karai upande huu wa mbao, kwa sababu watu wakitoka sinema wana njaa na shangazi hakuwa mtu wa kuacha njaa ya watu ipite bure. Hadithi zote zilinifikia kupitia ukuta. Nilijua kicheko cha Papa Kalonda, nilijua benchi lipi lina mguu mbovu, nilijua mama gani alikuwa akimwonya Musafiri kabla ya hatari, "Baba, angalia nyuma!" Na nilimjua Bwana Taya. Huyu alikuwa adui, mtu mwenye kidevu cha chuma, na kwa kuwa kidevu chake hakikusogea alipozungumza, Salumu angeweza kumtilia maneno yoyote, mafupi au marefu, bila kuogopa mdomo ufungwe mapema. Leo, baada ya kutia sauti katuni nyingi, najua kwamba wachoraji hufunika midomo ya watu ili kupunguza kazi ya kuchora. Wakati ule nilijua tu kwamba Taya akianza kusema, mafuta yangu yaliungua kwa sababu nilisahau kugeuza vitumbua.

Nilivyoingia ndani ni kwa ubishi wangu mwenyewe. Jirani yake Musafiri, msichana anayeitwa Neema, alisemwa na Salumu kwa kubana pua, na kila Jumamosi jambo lile lilinikera zaidi. Mwanamke gani anasema vile? Siku moja Musafiri alimuaga Neema kwa mara nyingine bila kueleza anakwenda wapi, na Salumu akabana pua akasema, "Enda tu, mupenzi wangu, mi nitakungoja." Uvumilivu ukaniisha. Nikainuka na mwiko mkononi nikapaza sauti juu ya mbao: "Nitakungoja nini? Chakula inapoa, wewe unarukaruka juu ya manyumba ya watu! Kama hauna kitu ya kuficha, sema!" Upande wa pili sinema nzima ikalipuka kwa kicheko. Watu walipiga mabenchi. Mtu akasema, "Ule njo Neema wa kweli!" Salumu akaja akachungulia juu ya ukuta, jasho linamtiririka, akaniangalia mimi na karai langu. Angeweza kukasirika. Alisema, "Mudogo, osha mikono. Ingia."

Ukweli ni kwamba nilipoiona picha nilivunjika moyo. Musafiri niliyemsikia kupitia mbao alikuwa mkubwa, na huyu alikuwa kijana wa mistari michache, rangi zinamvuka pembeni, anaruka mbele ya magorofa yaleyale yanayorudi kila mara. Ndipo Salumu akanionyesha kilichokuwa chini kabisa ya sanduku la padri: kitabu cha picha, chenye Musafiri yuleyule, cha zamani sana, karatasi zimekuwa njano. Tulikaa nacho kwenye meza ya cherehani, mimi nikimenya karanga, yeye akinionyesha kwa kidole. Kitabuni shujaa alikuwa mzito wa mabega na nyuso zilikuwa na vivuli vingi, lakini hakusogea. Kwenye televisheni walimpunguza mistari ili aweze kukimbia. "Unaona," Salumu alisema, "walimupokonya unene, wakamupa mbio. Wa Italia wakamupa maneno yao. Sisi tunamupa mujomba. Kila muntu anamupa kile iko nacho." Nimesoma mengi juu ya kazi hii tangu wakati ule, na nimehudhuria semina mbili ambako tulipewa chai na biskuti, lakini sijaambiwa jambo linalozidi lile. Kuanzia wiki ile nilikuwa Neema, na wanawake wote, na watoto, na wakati mwingine mbwa. Vitumbua vikahamia asubuhi. Shangazi alinung'unika mpaka alipoona kwamba watu wanaovutwa na sauti yangu wananunua pia.

Sasa niseme juu ya Komanda. Mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi, na mkubwa wao, ambaye sote tulimwita Komanda tu, alikuwa mtu wa kutoka mbali mashariki, Kiswahili chake cha kijeshi, kilichonyooka. Alipenda kutuhutubia kwa kipaza sauti pale mzunguko wa barabara. Alianza daima kwa kukohoa, "Hm," kisha, "Sikilizeni vizuri. Mimi nikisema, nimemaliza." Kisha alitangaza salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara, kila mtu na jembe lake. Na baada ya salongo askari wake walipita nyumba hadi nyumba wakichukua kuku. Alifanya mengine mabaya zaidi ya kuku, na wenye makaburi wanayajua. Sitaki mtu asome kurasa hizi akadhani namfanya mtu wa kuchekesha. Lakini kuku ndio waliotuuma kila siku. Mtu alifuga kuku wake kwa makombo yake mwenyewe, akawaona wanaondoka wamening'inizwa kwenye bunduki vichwa chini.

Katika kaseti moja Bwana Taya anasimama juu ya mnara, mji wote wa magorofa uko chini yake, watu wadogowadogo wanamtazama juu, naye ananyoosha mkono anadai kitu. Alidai nini kwa Kiitaliano sijui mpaka leo. Jumamosi moja Salumu alikohoa. "Hm," akasema, sauti ikashuka mpaka tumboni. "Sikilizeni vizuri. Mimi nikisema, nimemaliza. Kesho asubui, kila muntu na jembe lake. Na kuku. Kuku wote wa muji. Na yule ataficha jogoo, atawika yeye." Nilikuwa nimesimama kando yake na nikaona watu wakitazamana kwanza, kwa hofu, halafu mama mmoja wa benchi la mbele akaanza kutikisika mabega, na baadaye hapakuwa na namna ya kuwanyamazisha. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tangu siku hiyo watu wakawa wanaiomba kaseti ile kwa jina: tuwekee ya kuku. Kwa kawaida Salumu hakusema jambo mara mbili kwa namna moja, lakini maneno ya Taya hakubadilisha hata moja, kwa sababu sinema nzima iliyajua na ilimsaidia kuyasema.

Askari mmoja, kaporali, alikuwa anakuja bila kiingilio na kukaa karibu na mlango. Alicheka kama sisi. Sijui kama alitusema kwa ubaya au aliirudia kambini kwa kuchekesha wenzake, ikasikiwa na asiyepaswa kusikia. Walimchukua Salumu asubuhi moja kwenye cherehani yake, suruali ya mteja bado iko chini ya sindano, wakampeleka kasho, chumba cha mabati nyuma ya nyumba kubwa ya mtoni alimokaa Komanda. Watu walioingia kasho walirudi wameumizwa, na wengine hawakurudi. Dada yake alipeleka chakula, chakula kikapokewa mlangoni, yeye hakuonyeshwa ndugu yake. Niliogopa namna ambayo sijawahi kuogopa tena.

Kisha kaporali yuleyule akaja kwetu, akasimama uani bila kuketi, na mbele ya shangazi na Papa Kalonda akatoa amri. "Komanda anasema hivi: mulete televizyo na ile kaseti kesho. Salumu hatasema kitu. Atasema muntu mwingine anayejua ile kazi. Kama kuku iko mu kaseti, itatoka tu. Kama haiko, tutajua ilitoka mu kinywa ya nani." Akaniangalia mimi, kwa sababu mtu mwingine aliyejua ile kazi hakuwepo.

Jioni ile tulikula wali na sombe, yaani kisamvu, na samaki mmoja ambaye shangazi alimpika kama vile tuna mgeni. Papa Kalonda alikula nasi. Shangazi akasema, "Jambo iko rahisi. Utasema, utatosha kuku, usiwataje. Taya aombe kitu ingine. Aombe gari. Musichana hawezi kufa juu ya kuku." Papa Kalonda akaweka tonge chini. "Bi Sauda, akitosha kuku, njo Salumu anabaki na kosa. Watasema, unaona, kaseti haina kuku, kuku ni ya Salumu." Shangazi akauliza, "Na akiacha kuku?" "Akiacha kuku," alisema Papa Kalonda polepole, "basi ni kaseti ilisema. Lakini anatukana Komanda mpaka machoni." Nilielewa vizuri: njia salama kwangu ndiyo iliyokuwa inamwua Salumu, na njia ya kumwokoa ilikuwa kumtukana mwenye bunduki katika sebule yake, kwa sauti yake mwenyewe, bila kuacha hata jogoo. Nikasema, "Nitasema vile iko." Shangazi alichukua kichwa cha samaki, ambacho katika nyumba ile hakikuwahi kuliwa na mtu mwingine isipokuwa yeye, akakiweka kwenye sahani yangu. Nilikila chote, mpaka macho.

Kesho yake tulibeba vitu kwa mkokoteni. Sebule ya Komanda ilikuwa na viti vya mbao nzito na zulia lililotoka nyumba ya mtu mwingine. Salumu walimkalisha chini karibu na ukuta, jicho moja limefumba kwa uvimbe, shati halina vifungo. Aliniangalia mara moja tu, kisha akaangalia miguu yake. Komanda alikaa katikati, viatu vimevuliwa, soksi zake nakumbuka zilikuwa za buluu. Nilipunguza sauti ya mashine, nikasimama kushoto kwa televisheni kama desturi, nikaanza. Nilimsema Musafiri akitengeneza saa. Nilimsema Neema akimlaumu, na nikasikia mlinzi mmoja akiguna kwa kukubali, na lile guno likaninyoosha mgongo. Sinema ni sinema, nikajiambia, hata yenye bunduki. Taya alipopanda mnara nikashusha kidevu kwenye kifua, maana sauti ya Salumu ilikuwa nzito kuliko yangu na ile ndiyo njia pekee ya kuifikia, nikakohoa, "Hm." Na wakati uleule Komanda naye akakohoa. Tulikohoa pamoja. Sikugeuka. Nikasema yote: majembe, kuku, kuku wote wa mji, jogoo, atawika yeye.

Mlinzi wa mlangoni aliingiza kofia yake mdomoni ili asicheke. Komanda alimtazama kaporali, kaporali akasema kwa sauti ndogo, "Njo ile, afande." Komanda akasema, "Rudisha." Papa Kalonda akarudisha kaseti nyuma. Nikasema tena, neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi, maana nilijifunza maneno yale kwa masikio, Jumamosi baada ya Jumamosi, na kitu kilichoingia hivyo hakitoki. Komanda alipomaliza kusikiliza akaniuliza, "Msichana. Mji huu wa magorofa una kuku?" Sebule yote ikanigeukia. Nikajibu, "Hauna hata mumoja, mukubwa. Njo maana vita inaanza. Anaomba kitu hawana." Mabega ya Komanda yakaanza kutikisika, kama ya yule mama wa benchi la mbele, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyekaa nacho siku nyingi. Askari wote wakacheka baada yake, kwa ruhusa. Alipojifuta macho akatoa hukumu. "Kosa ni la kaseti," alisema. "Kaseti ikamatwe." Wakaitoa kwenye mashine wakaipeleka kasho, na Salumu wakamwambia avae viatu aende nyumbani.

Jumamosi iliyofuata tuliweka kaseti nyingine, na nafasi ya Taya, popote alipotokea, Salumu alinipa mimi. Hakutaka kuzungumza juu ya siku zile za kasho, nami nilimwacha. Kabla mvua hazijaisha aliondoka na wafanyabiashara waliopita Lubutu kwenda Kisangani, kwa sababu jicho lake halikupona vizuri na hapa hapakuwa na daktari wa macho. Mimi nikabaki na kazi. Nimeifanya katika sinema za mabati, katika redio, katika harusi, na sasa katika chumba hiki cha magodoro, na kila nilipoisimulia habari ya kuku niliimaliza kwa maneno haya: nilimdanganya Komanda mchana kweupe, mimi, Mwajuma, kwa mdomo wangu.

Hivyo ndivyo nilivyoimaliza juzi pia. Nilikuwa nawasimulia wasichana wangu, tumekaa kwenye mkeka wa studio na sahani kubwa ya wali na samaki, Salumu akiwa mgeni wa heshima. Walipiga makofi. Salumu alinawa mikono, akafuta ndevu zake ambazo sasa ni nyeupe, akasema kwa upole, "Mwajuma, ile yote ni kweli. Lakini kitu kimoja hukujua. Mi nilikuwa nimekwisha kukubali."

"Ulikubali nini?"

"Kuku. Siku ya kwanza. Fimbo haijaanguka hata moja. Nilimwambia, mukubwa, kaseti haina kuku, kuku njo yangu, nilitosha mu kichwa. Aliniambia, basi sema vile unasemaka, nisikie. Muji muzima ulikuwa umesikia, yeye peke yake njo alikuwa hajasikia. Nikakataa. Nilisema niko na aibu. Njo wakanipiga, juu ya kukataa, halafu wakakuita wewe."

Wasichana wangu waliacha kutafuna. Nilikasirika, na sitaki kulipamba jambo hili: nilikasirika sana. Zaidi ya miaka ishirini ninajisifu kwa kumdanganya mtu, kumbe mtu huyo alikuwa amekaa pale na ukweli mfukoni tangu kabla sijafungua mdomo. Nilimwuliza Salumu kwa nini basi hakunipa hata alama. Angekohoa. Angetikisa kichwa. Ningetoa kuku, nisingesimama mbele ya bunduki nikimwokoa mtu ambaye alikwisha kujihukumu mwenyewe.

"Nilitaka," alisema Salumu. "Haki ya Mungu, nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi nikohoe, wakusimamishe. Halafu ukashusha kidevu ukaanza." Alinitazama kwa lile jicho moja linaloona. "Na mi pia nikataka kusikia."